Mwaka 1728 Waislamu wa Pate walikuwa wanaandika nini?

MWEZI uliopita, baada ya darsa ya Alasiri katika msikiti mmoja hapa Ngarenaro, kijana wa kidato cha sita alinifuata akiwa na daftari lake mkononi. Shuleni walikuwa wamefika kwenye mada ya maendeleo ya Kiswahili na mjadala ukawa mkali. Mwenzake mmoja alisema kwamba Waislamu wa pwani walikuwa watu wa kughani na kupiga ngoma tu, na kwamba Kiswahili kilianza kuandikwa walipokuja wamisionari na alfabeti yao. Kijana wetu alijua moyoni kwamba si kweli, lakini alipotakiwa atoe ushahidi alinyamaza. "Ustadh," aliniambia, "sikuwa na hata kitabu kimoja cha kutaja, wala mwaka."

Jibu nililompa pale lilikuwa fupi, maana adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia. Leo nalirefusha, kwa faida yake na ya vijana wengine wa Arusha wanaosoma somo hilo hilo bila kujua kwamba linawahusu. Sitaleta historia yote ya Kiswahili. Nitachukua mwaka mmoja tu, 1141 Hijria, ambao vitabu vya shule huuandika 1728. Kwa hesabu ya miladia mwaka huo ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729.

Mwaka ule hapa tulipo hapakuwa na mji. Wameru walikuwa wakilima kwenye miteremko ya mlima, na Waarusha, ambao jina lao ndilo jina la mji huu, walikuja kuhamia miaka ya 1830. Boma la Wajerumani ambalo mji ulikua pembeni yake ni la mwaka 1900. Waswahili waliokuja na misafara ya biashara, na wale waliofuata baada ya boma kujengwa, ndio walioleta Uislamu huku. Basi mtu akiniuliza habari za pwani zinatuhusu nini sisi wa mlimani, humwambia kwamba Kiswahili anachopatania bei pale soko la Kilombero, na dini aliyofundishwa na babu yake, vilipanda huku kutoka pwani vikiwa vimeshaandikwa zamani.

Sasa twende Pate. Ni mji katika kisiwa cha jina hilo hilo, karibu na Lamu, nchini Kenya. Leo ni mahali padogo, lakini karne ya 18 ulikuwa mji wa masultani wa ukoo wa Nabahani, wenye majahazi, pembe za ndovu, mafundi na wanavyuoni. Katika mji huo mshairi aliyeitwa Mwengo bin Athumani aliandika kitabu kinachojulikana kwa majina mawili: Utendi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali. Msomaji asishangae neno chuo. Zamani maana yake ilikuwa kitabu. Ndiyo sababu tunasema mwanachuoni, na ndiyo sababu wazee wetu walisema mtoto "ameingia chuoni" walipompeleka madrasa, kwenye vitabu.

Tarehe iliyomo katika muswada wa kitabu hicho ni 1141. Huo ndio mwaka wa kumtajia yule mwanafunzi mwenzake. Zipo tungo nyingine ambazo huenda ni kongwe zaidi. Hamziya, kasida ya Imam al-Busiri iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa huko huko Pate, baadhi ya wataalamu wanaipa mwaka 1652, na wengine wanaupinga mwaka huo. Ukiwa kwenye mjadala usiweke mguu penye ubishi. Taja 1728.

Na kitabu chenyewe si kijikaratasi. Kina beti zaidi ya elfu moja, kila ubeti una mistari minne ya mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza ina vina vya kufanana, na kina cha mstari wa nne hakibadiliki tangu mwanzo wa utenzi mpaka mwisho. Fikiria mtu ametafuta maneno zaidi ya elfu moja yanayoishia kwa kina kimoja, na hadithi isipinde. Tena si kwamba aliamka asubuhi akajisikia kutunga. Aliagizwa na sultani. Kulikuwa na jumba la kifalme, na mtawala aliyetaka kitabu, na mshairi mwenye elimu ya kusoma visa vya Kiarabu na kuvimimina katika Kiswahili. Kulikuwa na hadhira pia, maana utenzi haukusomwa kimya kimya chumbani. Ulighaniwa mbele ya watu, na wasiojua kusoma wakaupata kwa masikio. Mwanawe Mwengo, Abu Bakari, naye anatajwa miongoni mwa watunzi. Kazi hii ilikuwa inarithiwa nyumbani kama useremala.

Kisa ni vita baina ya Waislamu na Warumi wa Mashariki. Herekali ndiye Heraclius, mfalme wa Rumi wa zama za Mtume (SAW), na Tambuka ni Tabuk. Kila Muislamu aliyepita madrasa anamjua mfalme huyu hata kama jina limempotea: ndiye aliyepelekewa barua ya Mtume (SAW) na Dihya al-Kalbi, ndiye aliyemhoji Abu Sufyan, na kushindwa kwa Warumi na kushinda kwao baadaye ndiko kulikotajwa mwanzoni mwa Surat Ar-Rum. Utenzi unaanzia kwenye huzuni ya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, walipouawa shahidi Zayd bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha, mmoja baada ya mwingine wakiwa wameshika bendera.

Hapa lazima niseme jambo, kwa sababu najua baadhi ya masheikh wetu watalisema kama mimi sikulisema. Katika sira sahihi, Tabuk hapakupiganwa vita. Mtume (SAW) alitoka na jeshi mwaka wa 9 Hijria katika joto kali, akakaa pale, Warumi hawakutokea, akarudi Madina. Kwa Mwengo kuna vita kubwa, mapigano ya mashujaa na vumbi mpaka mbinguni. Alikuwa akifuata visa vya maghazi vilivyokuwa vikisimuliwa katika nchi nyingi za Kiislamu, na visa hivyo viliongezwa chumvi njiani. Je, tukitupe kitabu? Mimi naona hapana. Atakayetaka sira asome sira kwa wanaohadithia kwa isnadi. Utenzi wa Tambuka usomwe kama fasihi ya Waislamu waliompenda Mtume wao, na mwalimu amwambie mwanafunzi wazi wazi mpaka uko wapi. Kuna tofauti kati ya kukosoa kitabu na kukizika, na aliyekizika hana tena cha kukosoa.

Kuna jingine la mwaka huo ambalo wengi hawalitaji, na mimi ndilo linalonifikirisha zaidi. Wareno walikuwa wamefukuzwa katika ngome ya Mombasa na Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696. Miaka thelathini baadaye, Machi 1728, walirudi na kuichukua tena. Nani aliwarudisha? Miongoni mwa waliowasaidia alikuwa mtawala wa Pate mwenyewe. Oman ilikuwa inaungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Pate ilikuwa imechoshwa na askari wa Oman, basi wakapatana na Wareno wa Goa. Urafiki haukudumu. Mwaka 1729 Pate iliwageuka, watu wa Mombasa nao wakainuka, na kufika Novemba 1729 ngome ilikuwa imewatoka Wareno, safari hii moja kwa moja.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Katika mji ule ule, katika miezi hiyo hiyo, kalamu inaandika jinsi Waislamu walivyopambana na dola kubwa ya Kikristo, na merikebu za Wareno zimekuja kwa mwaliko wa jumba la sultani. Wapo watakaosema huo ni unafiki. Wapo watakaosema mshairi alikuwa anamkumbusha bwana wake kwa njia ya adabu. Mimi simo katika kuhukumu nyoyo za watu waliokufa karibu miaka mia tatu iliyopita. Ninachokiona ni kwamba walikuwa watu kama sisi, wenye siasa zao na makosa yao, si malaika wa kwenye mabango ya sherehe. Tukimfundisha kijana historia ya Waislamu watakatifu watupu, siku akikutana na mkataba wa Pate na Goa atadhani tulimdanganya, na atakuwa na haki.

Kiswahili hakikuandikwa kwa ushairi peke yake. Miaka 17 kabla ya Utenzi wa Tambuka, mwaka 1711, ziliandikwa Kilwa barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa upande wa Msumbiji. Miongoni mwa waandishi wake ni Mfalme Fatima, mwanamke aliyetawala Kilwa. Barua hizo zimehifadhiwa Goa, India, katika nyaraka zilizoachwa na Wareno. Hizi si kasida wala mawaidha, ni barua za shughuli, kama mimi na wewe tunavyotumiana ujumbe kwenye simu. Mtu haandiki barua za shughuli kwa lugha ambayo watu hawajazoea kuiandika. Kilwa iko Tanzania hii hii, na mwandishi alikuwa mwanamke wa Kiislamu. Dada zetu wanaoambiwa kwamba elimu ililetwa kwao na wengine waliweke hilo akilini.

Nikiwa bado katika 1141: mwaka huo huo wa Hijria, mwezi wa Rajabu, yaani mwishoni mwa Januari 1729, huko Istanbul alitoa Ibrahim Müteferrika kitabu chake cha kwanza cha kupigwa chapa, kamusi ya Kiarabu kwa Kituruki. Alikuwa amepewa ruhusa ya sultani mwaka 1727, kwa fatwa, kwa sharti asichape vitabu vya dini. Waturuki wanaianza mashine, Pate wanachonga kalamu ya tete na kukoroga wino. Pwani yetu ilisubiri mpaka karne ya 19 ndipo mitambo ya chapa ikafika Zanzibar. Kwa hiyo kila nakala ya kitabu cha Mwengo ilitoka katika mkono wa mtu, na kila mkono uliongeza kosa lake au uzuri wake. Nakala zilizochoka zililiwa na mchwa na unyevu. Iliyobaki imebaki kwa sababu mtu aliona inafaa kunakiliwa tena.

Sasa nije kwenye khati, maana hapa ndipo penye kazi. Watoto wetu wanahitimu juzuu thelathini wakiwa wanaijua alifu mpaka yee bila kukosea. Wape karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizo hizo, watakuambia hawaelewi, au watajaribu kuisoma kama Kiarabu. Si kosa lao. Khati ya Kiarabu haikuwa na herufi ya p, wala v, wala g, wala ch, na irabu zake ni tatu wakati za Kiswahili ni tano. Waandishi wa zamani walitumia kilichokuwepo. Bee ilibeba b, p na mb pamoja. Fee ilibeba f na v. Ghaini ilibeba g na ng. Kasra ikawa i na e, dhumma ikawa u na o. Ukiona bee yenye fataha na alifu mara mbili, unaweza kusoma baba, au papa, au pamba, au bamba. Msomaji alitakiwa kuijua lugha na kujua mambo yanayozungumzwa, ndipo apate neno. Karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliongeza alama ili kuondoa utata huo, na mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti lake la Sahifa, la Kiswahili kwa khati hiyo hiyo. Magazeti ya Waislamu kama hili unalolishika yana ukoo, msomaji.

Huku bara Wajerumani walipoanza kutawala waliwakuta watu wanaandikiana kwa khati ya Kiarabu, na wao wenyewe mwanzoni walipokea barua kama hizo kutoka kwa maliwali na maakida. Kisha shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa miaka ya 1890, ikatoa makarani wa herufi za Kilatini, na aliyejua khati ya zamani peke yake akahesabiwa hajui kusoma. Waingereza wakamalizia kwa kusanifisha Kiswahili, kamati yao ya lugha ikaanza kazi 1930. Babu aliyekuwa akiandika barua na hesabu zake tangu utotoni akaingia katika sensa kama mtu asiyejua kusoma na kuandika.

Tumezoea kulalamika kwamba historia yetu imefichwa, na mara nyingi malalamiko ni ya kweli. Lakini safari hii sitamlaumu mtu wa nje. Babu yangu mzaa mama alipofariki pale Kaloleni aliacha kasha la mbao lenye karatasi za khati ya Kiarabu. Tulikuwa vijana watatu. Tulizitazama, tukaona herufi, tukasema hizi ni kurasa za msahafu zilizochakaa, zisije zikakanyagwa. Tukazichoma kwa adabu nyuma ya nyumba na jivu tukalifukia. Na kuchoma kurasa za msahafu zilizoharibika kwa ajili ya kuzihifadhi na udhalili si vibaya, lina asili yake katika kitendo cha Sayyidna Uthman (RA). Kosa letu halikuwa moto. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa kitako akasoma mstari mmoja.

Miaka kadhaa baadaye nilifungua kitabu cha fiqhi cha marehemu nikakuta ndani ukurasa mmoja ulionusurika. Niliusoma polepole, nikahisi miguu imekufa ganzi. Kilikuwa Kiswahili. Ilikuwa barua iliyoandikwa Pangani mwaka 1331 Hijria, na baba yake babu, juu ya chumvi iliyopelekwa bara, deni lililobaki, na mtoto aliyetiwa chuoni. Kasha lote lilikuwa barua.

Wageni walikuwa na macho kuliko sisi. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, hakuzidharau tungo za Waislamu. Nakala ya Chuo cha Herekali aliipeleka Ujerumani, ikawekwa Halle. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki 1945, alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake mzuri, na sehemu kubwa ya waliomlipa walikuwa Wazungu. Nakala nyingi ziko London. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hazina yake, ambayo orodha yake ilichapishwa 1970 na J. W. T. Allen. Waislamu wanaokwenda Dar kwa shughuli nyingine, wachache mno wamewahi kupita pale kuomba kuziona. Wakati huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa hapa Arusha, inaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tunapiga makofi, halafu tunarudi nyumbani kwenye makasha tusiyoyafungua.

Ninachokiomba kwa walimu wa madrasa ni kidogo. Mtoto akishahitimu, kabla hajaacha kuja, apewe miezi miwili ya kusoma Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Haihitaji jengo wala mfadhili kutoka nje. Herufi anazijua, lugha anaijua, anachohitaji ni kuonyeshwa zile herufi zinazobeba sauti mbili au tatu. Na familia zenye makasha, Bondeni, Kaloleni, Majengo au kokote, zisichome wala zisizike chochote kabla mtu mwenye kujua hajakipitia. Kama ni msahafu uliochakaa, utapata heshima yake. Kama ni barua ya deni, pengine ndiyo pekee inayotaja jina la bibi yako.

Hilo la jina silisemi kwa mfano. Katika ukurasa wangu ule kuna mwanamke anayesalimiwa mwishoni. Limeandikwa "binti", kisha bee na alifu mara mbili. Binti Baba? Binti Bamba? Nilibishana na nafsi yangu kwa muda mrefu, kisha nikampigia simu bibi mmoja wa ukoo wetu, Pangani, wa pekee aliyebaki wa rika lake. Hajui kusoma khati yoyote. Nilipomtajia barua tu, hata sijamaliza, alisema: "Huyo ni Binti Pamba, mwanangu. Nywele zake zilikuwa nyeupe tangu ujanani."

Nimetoa nakala za ukurasa huo. Jumamosi hii baada ya Alasiri tutausoma pale pale Ngarenaro, na yule kijana wa kidato cha sita ameahidi kuja na yule mwenzake aliyebishana naye.